Miraba ya Sweta la Baba Yako

Zuhura mwanangu,

Salamu nitakupa kwa mdomo ukirudi, kwa hiyo hapa naziruka. Saa hizi uko Rosettenville kwa Mama Furaha, unasukwa, na kwa ukubwa wa kichwa ulichorithi kwa baba yako najua nina muda wa kutosha. Nimekaa kibarazani kwenye kijua, blanketi miguuni, chai pembeni. Kesho asubuhi unapanda basi la Upington, na barua hii utaikuta ndani ya boksi la kifremu. Najua kusoma Kiswahili kunakupa tabu. Isome kwa sauti. Masikio yako yanajua kila neno nililoandika hapa, ni macho tu ambayo hayajazoea.

Sitakuandikia habari za kula vizuri na kufunga mlango. Hayo nimeyasema mpaka umeanza kuyasema pamoja nami, tena kwa sauti yangu, ukidhani sisikii.

Nina mambo mawili. La kwanza ni namna ya kuanza kufuma mraba wa sufu ukiwa peke yako, maana hujawahi kuanza hata mmoja bila mimi kukaa hapo nikitia maneno. La pili ni jambo ambalo nimelisubiri kutoka kwako wiki nzima na hukulileta. Kwetu Tanga mtoto akitaka kusafiri humwendea mama yake, akakaa chini, akasema, "Mama, naomba radhi zako." Mama humpa, humwombea dua, ndipo mtu anabeba mzigo wake. Asiyepewa radhi anaondoka kama asiyefunga mkanda. Wewe umepanga begi, umeaga majirani, umemuaga hata yule wa spaza, kile kiduka cha kona, na mimi umeniuliza tu pasi iko wapi. Nimekasirika, mwanangu. Naandika wazi kwa sababu nimenuna siku zote hizi na wewe ukadhani nimechoka na kazi.

Haya, tuanze na kifremu, hasira itatukuta njiani.

Unakumbuka kilivyoingia nyumbani? Nilikuwa nafunga meza yangu ya chai na maandazi pale Marshalltown, na mama wa mitumba anayekaa jirani yangu akanipa boksi ambalo hakuna aliyelitaka. Ndani mlikuwa na kifremu cha mbao, mraba, kinatosha kiganjani, kimezungukwa na misumari midogo iliyosimama kama meno ya kitana. Na sindano moja ndefu kupita sindano yoyote niliyowahi kushika. Yule mama alisema ni cha kukandia mgongo. Mimi nilidhani ni cha kuchania sufu. Baba yako, kwenye simu, akiwa na lori lake foleni ya mpakani, aliuliza tu kama kinanasa panya.

Wewe ulikipiga picha, ukaitafuta kwenye simu, halafu ukapiga kelele jikoni: "Mama! Inafuma! Eish, angalia, inafuma!"

Hutaamini, lakini siku ile sikukishangaa kifremu sana. Nilikushangaa wewe. Mwaka ule mzima ulikuwa unanijibu kwa neno moja, ile poa ya vijana wa hapa. Umekula? Sharp. Shule je? Sharp. Nilikuwa nimeanza kuzoea, na kuzoea huko kuliniuma. Siku ile ulizungumza mpaka ugali ukapoa, Kiingereza na Kiswahili na Kizulu vyote chungu kimoja, na mimi nikawa nauliza swali juu ya swali ili usinyamaze. Maswali mengine majibu yake nilikuwa nayajua.

Tulianza vibaya, kama unavyojua. Nilikupa uzi wa cherehani kwa sababu ndio uliokuwapo. Ukazungusha, ukafuma, ukatoa, tukapata wavu wa kukamatia dagaa. Somo la kwanza tukalijua hapo: misumari ndiyo inayoamua uzi uwe mnene kiasi gani, si wewe. Uzi mwembamba unaacha matundu. Mnene mno, sindano inagoma. Chukua sufu ya kawaida, ile inayofumiwa sweta.

Na sufu tuliyokuwa nayo ilikuwa sweta. La kijivu, la baba yako, ambalo kiwiko kilikuwa kimetoboka na yeye akawa analivaa hivyo hivyo. Tulilifumua jioni moja tukicheka kama wezi. Uzi ukatoka umejikunjakunja kama nywele zako zikifumuliwa, na wewe ukasema hautafaa. Tukauosha, tukautundika kwenye kamba na chupa ya shampuu chini yake kama uzito, asubuhi ukawa umenyooka. Ukipata sweta la mitumba huko Upington fanya hivyo hivyo, ila chagua lililofumwa kwa uzi mmoja mrefu, si lile lililokatwa na kushonwa kama kitambaa. Lile litakupa vipande vipande tu.

Baba yako aliporudi safari akafungua kabati. "Mama Zuhura, sweta langu liko wapi?"

"Liko mezani," nikamwambia, "kidogo kidogo."

Alichukua mraba mmoja akaugeuza huku na huku, akaunusa. Akasema una joto. Akaenda nao kwenye lori, na mpaka leo anaweka kikombe chake juu yake.

Sasa kosa langu kubwa, ambalo wewe ulilicheka na mimi sikucheka. Mimi nimekulia kwenye ukili. Bibi yako alikuwa anasuka ukili akiwa amekaa, akiwa anatembea, akiwa anamgombeza mtu. Ule mkanda mrefu wa miyaa, majani ya kusukia, ndio baadaye hushonwa ukazungushwa ukawa mkeka, na mkeka ukilegea watu wanajua nyumba ile haina mwanamke mwenye mikono. Kwa hiyo bibi yako alinifundisha neno moja: kaza. Nikisuka, kaza. Nikimaliza, kaza tena. Alikuwa akipita nyuma yangu anauvuta mkono wangu mwenyewe ili nijue kukaza kunavyosikika begani.

Nikaenda na mkono ule ule kwenye kifremu. Nilivuta sufu kutoka msumari hadi msumari mpaka ikalia kama uzi wa zeze. Ilipendeza macho. Nilijivuna, nikakwambia angalia kazi ya mtu wa Tanga. Kisha sindano ikaingia, na kufika nusu ya mraba haikupita tena. Nilisukuma, nikasukuma kwa kisu cha mezani, msumari ukapinda. Nilipoutoa ule mraba ukajikunja papo hapo ukawa kama sambusa. Wewe ulikuwa umefuma wako ovyo, uzi umelegea, naona aibu kwa niaba yako, na ulipoutoa ukakaa sawa, laini, pembe nne.

"Mama, kwa nini unavuta hivyo?" uliniuliza. "Sufu siyo majani."

Niliudhika. Lakini swali lile lilinikaa kichwani, na kesho yake mezani kwangu Marshalltown nikawa nalifikiria huku namwaga chai ya watu. Kwa nini miyaa inataka kukazwa na sufu haitaki? Nikaona: jani likikauka linasinyaa, ukili uliosukwa umelegea unafunguka. Sufu ukiivuta inakubali, inanyamaza, halafu ukiiachia inarudi kwake. Ile nguvu yote niliyotia kwenye misumari ilikuwa inangoja tu siku ya kutoka. Zungusha uzi ukae tu, usilie, usining'inie. Ukiugusa kwa kidole ukacheza kidogo, uko sawa. Mimi nimechukua miezi kufundisha bega langu jambo hilo na bado asubuhi nyingine linasahau.

Kuzungusha kwenyewe unakujua, ila nakuandikia kwa sababu wewe ni mtu wa kusahau mwanzo. Funga ncha ya uzi kwenye msumari wa pembeni. Tabaka la kwanza linapanda na kushuka. La pili linakwenda kulia na kushoto, juu ya la kwanza. La tatu linapanda na kushuka tena, likikaa katikati ya nyuzi za lile la kwanza. Tabaka la nne ndilo la sindano.

Hapa nikakuuliza kwa nini tusitumie sindano toka mwanzo, maana naona kama tunadanganya. Ulikiinua kifremu ukakilaza upande wa dirisha, ukaniita niweke jicho langu pale pale jicho lako lilipokuwa. Tukaona nyuzi za kwanza zimelala chini, za tatu zimeinuka juu, na za pili zimepita katikati yao. Nusu ya kufuma ilikuwa imekwisha kabla sindano haijaguswa! Kazi ya sindano ni kugeuza tu: zile zilizolala ipite chini yake, zile zilizoinuka ipite juu yake, mstari baada ya mstari. Mama yangu amesuka maisha yake yote na hakuwahi kuona kitu kile. Nilitamani kumpigia simu nimweleze, nikampigia, akasema, "Enhe, na chakula mmekula?"

Kabla ya kukata uzi wa lile tabaka la nne, usipime kwa macho. Macho yangu yanapima unga, hayapimi sufu, na mraba wangu wa tatu uliishiwa uzi ikiwa imebaki mistari miwili. Uzungushe uzi nje ya misumari yote, mara tano, ongeza kidogo kwa ajili ya wasiwasi, ndipo ukate.

Na sasa lile ambalo hatukulizungumza vizuri.

Kuna mraba wako mmoja ulikuwa na kosa katikati. Sindano iliruka uzi, ukaenda mbele bila kuona, pakabaki kijidoa kama jicho. Uliuacha hivyo hivyo mezani ukaenda shuleni. Mimi nikauona. Sikuweza, Zuhura. Nikaufumua, nikaufuma upya, nikaurudisha mahali pake, na nikajiona nimekufanyia wema. Uliporudi uliugeuza mara mbili tu ukajua. Hukukigusa kifremu wiki nzima. Siku uliyorudi kukigusa uliniambia, kwa Kiswahili chako cha kuokoteza, "Mama, ile mbaya ilikuwa ya mimi."

Nilisema nimeelewa. Sikuelewa. Maana ulipopata nafasi ya kwenda Upington kujifunza ufundi wa umeme wa jua, nilifanya jambo lile lile, kubwa zaidi. Yule mteja wangu Mkenya aliyekuwa anakunywa chai kwangu kabla ofisi yao haijahamia Sandton, nilimtumia vyeti vyako bila kukuuliza, akutafutie kazi kwao. Nilikuona tayari umekaa kwenye lile jengo la vioo, unapanda treni ya haraka asubuhi, unashuka jioni, unakula kwangu. Walipokupigia simu uliwajibu kwa adabu kwamba hapana. Kwangu hukusema kitu. Nilingoja unigombeze, ukaosha vyombo.

Kwa hiyo nikanuna mimi, mwenye kosa. Ndiyo, cheka. Nikasema moyoni: sawa, ana akili zake, lakini siku ya kuondoka atanijia, atakaa chini, ataomba radhi, na hapo nitajua kwamba bado mimi ni mama. Nikangoja Jumatatu. Nikangoja Jumanne. Kila ukiingia chumbani kwangu nilikuwa nakaa vizuri kitandani, navuta khanga, natengeneza uso. Wewe unachukua chaja, unatoka.

Leo asubuhi nilipokusindikiza kwa Mama Furaha, wewe ukaenda kuoshwa nywele, nami nikabaki mlangoni nikammwagia yeye ya moyoni. Unajua Mama Furaha hana simile. Alinisikiliza akiwa anachambua nywele za bandia, kisha akaniuliza, "Mama Zuhura, ule mutoto alisha kuona wewe ukiomba radhi kwa mama yako?"

Nikamwambia, nimeomba mara nyingi, kwa simu.

"Yeye alikuwa wapi?"

Nje ya mlango, nikamwambia. Maana kila nikimpigia bibi yako kwa jambo kubwa huwa nafunga mlango, nalia kidogo, nanawa uso, ndipo natoka.

"Kwetu Bukavu," akasema, "muzazi njo anaita mutoto, anamubariki. Hatungojeaka mutoto. Mutoto anajua nini?" Halafu akakuita wewe uje ukae kwenye kiti kana kwamba hajasema kitu.

Nimerudi nyumbani kwa miguu nikifikiria. Wazee wetu husema mwana hutazama kisogo cha nina, yaani cha mama yake. Wewe kisogo changu umekiona kikiinama juu ya unga, juu ya karai la mafuta, juu ya kifremu. Hukukiona hata siku moja kikiinama mbele ya mama yangu. Umezaliwa hapa, umekulia hapa Turffontein kwenye kelele za mbio za farasi, na bibi yako kwako ni sauti kwenye simu inayouliza kama umekula. Ningekufundisha lini? Nimekukasirikia wiki nzima kwa kutojua mlango ambao mimi mwenyewe niliufunga nikiwa ndani.

Na tena nimegundua kitu kingine, hiki kimenijia hapa hapa kibarazani, kalamu mkononi. Kuhusu Upington nimekuuliza ni mbali kiasi gani, jua lake likoje, mtalala wapi, wavulana wangapi. Kuhusu kazi yenyewe sijakuuliza hata swali moja. Mimi, niliyekuuliza kuhusu misumari mpaka ukachoka! Wiki iliyopita ulinionyesha picha ya zile sahani za jua zimepangwa jangwani, nami nikasema "hm" nikaendelea kukanda. Lakini niliiona, mwanangu. Niliona ni miraba. Imepangwa mistari kwa mistari mpaka picha inaisha.

Basi nataka kujua. Mnaiunganishaje? Ule mmoja na mwenzake, waya unapita nyuma au pembeni? Mmoja ukiharibika mnauchomoa peke yake, au lazima mfumue safu nzima? Jua likizidi, nazo zinataka kulegezwa kidogo, au zinakazwa? Vumbi la huko likikaa juu yake, nani anapangusa, na kwa nini? Na wewe, ukipanda juu ya paa la mtu, unaona nini? Haya siulizi ili usinyamaze. Majibu yake siyajui, na nayataka.

Kifremu ni chako, nenda nacho. Najua ni kimoja. Mimi nitapata kipande cha mbao na misumari kwa fundi wa nyuma ya duka, nigonge changu, kitakuwa kibovu, nitakwambia kilivyo kibovu. Miraba tuliyokwisha kuifuma nimeigawa: iliyonyooka nimekuwekea begini, ile iliyojikunja naibakisha mimi. Na huko ukifuma ukakosea, usiufumue kwa ajili yangu. Sitaurekebisha. Nitakuuliza tu ilikuwaje.

Sasa lile la pili, nalisema mwenyewe bila kuombwa. Mimi mama yako niko radhi nawe. Niko radhi na Upington, na ufundi, na ngazi utakazopanda huku mimi nikifumba macho. Niko radhi na hilo jibu ulilowapa watu wa Sandton, tena nilikuonea fahari hata kabla hasira haijaniisha. Maziwa niliyokunyonyesha nimekuhalalishia, na usiku wote niliokesha nawe nimekusamehe, hata ule wa meno. Mwenyezi Mungu akutangulie kila unakoweka mguu na akurudishe salama, na kama utarudi wa namna nyingine, akurudishe hivyo hivyo. Baba yako alikwisha kutoa zake asubuhi kwa simu, kwa maneno mawili kama kawaida yake: "Aende tu."

Nilitaka barua hii ikwambie uje ukae chini kesho kabla ya basi, nikuelekeze la kusema. Nimeghairi. Nasikia unacheka huko barabarani na mtu, na mkono wako uko kwenye lango. Naweka kalamu chini, naja kwako mimi.

Mama yako